Jinsi ya Kuchagua Mahali pa Kutazama Majani ya Mapukutiko Nchini Japani

Anayetaka kuona majani yakigeuka rangi nchini Japani aanze na tarehe za likizo yake, ndipo achague mji, kwa sababu rangi hizo hujitokeza kwanza kaskazini na vileleni mwa milima, kisha hushuka polepole kuelekea kusini na mabondeni hadi mapema Desemba. Kinachoamua ni ubaridi, na joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 za mwinuko.

Mwenye nafasi katikati ya Septemba aende Hokkaido, kwenye milima ya Daisetsuzan, akiwa na mavazi mazito.

Kwa Oktoba, chaguo langu ni Nikko, kaskazini mwa Tokyo, na sababu yake ni mwinuko. Ziwa Chuzenji, lililo mita 1,269 juu ya usawa wa bahari, hupendeza zaidi katika nusu ya pili ya Oktoba, ilhali miti inayozunguka mahekalu ya mjini hukolea rangi mwanzoni mwa Novemba. Kwa hiyo aliyekosea kwa siku chache hupanda au kushuka tu, na safari yake haipotei. Barabara ya Irohazaka, yenye kona 48, hufurika magari mwishoni mwa wiki, hivyo ni heri kupanda basi la alfajiri siku ya kazi.

Kyoto husubiri hadi nusu ya pili ya Novemba. Katika hekalu la Tofukuji, daraja la mbao la Tsutenkyo limepita juu ya bonde lililojaa momiji, miti yenye majani madogo mfano wa viganja vya mtoto, na anayefika lango linapofunguliwa hulitazama kabla ya msongamano. Hekalu la Eikando huwasha taa usiku katika msimu huo, na kwa maoni yangu hakuna mahali mjini humo panapolishinda. Vyumba vya kulala huisha mapema mno, basi viwekwe miezi kadhaa kabla.

Tokyo nayo ina njia ya miti ya ginko huko Meiji Jingu Gaien, ambayo hugeuka rangi ya dhahabu mwishoni mwa Novemba.

Wiki moja kabla ya kuondoka, fuatilia utabiri wa rangi za majani unaotolewa kila mwaka nchini humo: mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huzidisha wekundu, na dhoruba moja yaweza kuyaangusha majani yote.