Somo: kupima kifaa cha umeme wa nchi nyingine, usiangalie volti peke yake

Wakuu habari zenu, fupi tu maana naona watu wanaunguza vifaa mezani alafu wanasema kilikuja kibovu.

Hatua ya 1, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240V 50/60Hz huna shida (Hz ni mara ngapi umeme unajirudia kwa sekunde). Kikisema 220V 60Hz hapo tulia, wengi wakiona 220 wanachomeka kwenye umeme wa kwetu wa Hz 50 wanasema si ndo hiyohiyo. Sio! Gawanya volti kwa Hz, 220 kwa 60 ni 3.67, 220 kwa 50 ni 4.4, yani chuma cha transfoma au mota kimebebeshwa sumaku 20% zaidi, kinashiba, kinavuta ampia za ajabu, kinanguruma na kuchemka. Kama lazima ukipime kwa 50 basi shusha hadi volti 183 hivi, na mota itazunguka taratibu.

Hatua ya 2, chanzo. Variaki (transfoma ya kuzungusha kitasa) inapandisha volti kutoka sifuri na ni rahisi kutumia, ila Hz haigusi kabisa, na haikutenganishi na laini kwahiyo tanguliza transfoma ya kutenganisha kama unafungua kifaa. Jenereta inabadilisha Hz ukibadili mwendo (yenye pole 4, yani ncha 4 za sumaku, ni mizunguko 1500 kwa dakika kwa Hz 50, 1800 kwa 60) lakini volti nazo zinayumba, mi siipendi. Kama kazi ni ya kila siku tafuta chanzo cha kielektroniki, kinageuza AC kuwa DC alafu kinaunda wimbi upya, volti unaseti kivyake na Hz kivyake, vingine vinafika hadi Hz 400 ya vifaa vya ndege.

Hatua ya 3, ukubwa. Mota ya ampia 3 wakati inaanza kuzunguka inaweza kuvuta mara 5 hadi 7 kwa muda mfupi, chanzo kidogo kitajizima utadhani mota ni mbovu. Angalia VA (volti mara ampia) na ampia ya kilele, wati zinadanganya.

Hatua ya 4, seti kikomo cha ampia kwenye chanzo kabla ya kuwasha. Basi.

MASWALI

Mkuu, nina ile draivu ya kubadili mwendo wa mota, inatoa Hz yoyote, si inatosha?
Hapana kaka, inatoa mapigo ya kukatakata sio wimbi laini, mota inavumilia ila kifaa chenye kapasita kwenye laini utakiua. Bila filta usijaribu.

Multimita yangu inasoma volti pungufu kwenye inveta (ya kugeuza DC ya betri kuwa AC) ya bei rahisi, inveta mbovu?
Inaweza kuwa nzima dada, wimbi lake ni la ngazi na mita ya kawaida imepigiwa hesabu ya wimbi laini. Tumia mita ya true RMS, inayopima thamani halisi ya wimbi la umbo lolote.

Nimeshusha 230 kuwa 120 kwa transfoma, saa ya mezani inawaka vizuri ila haiendi sawa.
Inachelewa dakika 10 kila saa?
Ndo hivyohivyo!
Hiyo inahesabu Hz 60, wewe unaipa 50. Transfoma yako haina kosa.