Reli ikikatika kati ya Kilosa na Gulwe: namna ya kufaulisha abiria, yaani kuwavusha kwa mabasi

Kati ya Kilosa na Gulwe, Reli ya Kati inafuata bonde la mto Mkondoa. Kuanzia Desemba hadi Aprili mto hula tuta la reli kwa chini, na udongo wa mlimani hushuka kwa juu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliifunga sehemu hii kwa miezi. Tuta likiondoka, reli hubaki zinaning'inia na mataruma yake (magogo au vyuma vinavyozishikilia), na ukiangalia kwa mbali unaona njia nzima. Ndiyo maana treni husimamishwa kwa taarifa ya gangi, yaani kikundi cha matengenezo ya njia, au ya kiberenge, kigari kidogo cha kukagua reli. Dereva akisubiri kuona mwenyewe, ameshachelewa.

Jambo la kwanza kuamua ni treni inayotoka Dar es Salaam isimame wapi, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanaisogeza mpaka Kilosa kwa kuwa ni karibu na palipokatika. Lakini basi halipiti kwenye reli. Kutoka Kilosa hadi Dumila ni karibu kilomita 70, na kutoka Morogoro hadi Dumila ni karibu hivyohivyo, kisha barabara ya kwenda Dodoma ni moja. Kwa barabara, Kilosa haijakupunguzia chochote, na imekunyima mabasi, maduka, vyoo na hospitali za Morogoro. Simamisha treni Morogoro. Kama imeshapita Kilosa, irudishwe Kilosa. Isiachwe Munisagara wala Kidete, ambako kumtoa mgonjwa mmoja tu usiku wa mvua ni kazi.

Upande wa pili, wapandishe treni nyingine Dodoma. Gulwe iko karibu zaidi kwenye ramani, lakini kufika huko ni lazima uiache barabara kuu pale Mbande, upite Kongwa na Mpwapwa. Msururu wa mabasi 15 usiupeleke huko. Abiria wa Gulwe na Godegode waandikie orodha yao, uwatafutie Coaster. Hao ndio husahauliwa kila mara, wakajikuta Dodoma wakiuliza njia ya kurudi nyuma.

Sasa hesabu. Tuchukue treni yenye abiria 600. Basi la watu 50 lihesabu kwa 45, maana abiria wa treni ana gunia la mchele, godoro na ndoo. 600 kwa 45 ni mabasi 14, na moja la akiba: 15. Usijidanganye kwamba basi litarudi kuchukua kundi la pili. Morogoro hadi Dodoma ni karibu kilomita 260. Kwenda, kushusha na kurudi ni saa kumi kama hakuna lililoharibika. Basi moja, safari moja kwa siku. Maji ni lita mbili kwa kila mtu, yaani katoni 100 za chupa 12 za lita moja.

Mizigo mikubwa iende kwa lori, kila mzigo na kibandiko chenye jina, kituo cha mwisho na namba ya behewa. Ukiiruhusu ipande juu ya mabasi, msafara utakwama mizani. Basi ulilokodi nje ya njia yake liombewe kibali LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kabla halijaondoka; likikamatwa njiani, aliyepoteza muda ni abiria wako.

Kupakia kwenyewe kufanywe hivi:

1. Andika kwa chaki namba kubwa kwenye kila behewa, na namba ileile kwenye karatasi ya kioo cha mbele cha basi.
2. Milango ya mabehewa mengine ibaki imefungwa. Shusha behewa moja kwa wakati. Ukifungua yote, watu 600 wataligombea basi la kwanza, na wenye watoto watabaki wa mwisho.
3. Wagonjwa, wajawazito na wazee watangulie, wakae mbele.
4. Mkaguzi wa tiketi apande na behewa lake, akiwa na orodha ya majina na vituo. Tiketi isikusanywe, ndiyo itakayompa mtu kiti chake Dodoma.
5. Treni ya Dodoma ipangwe kwa namba zilezile za mabehewa. Aliyetoka behewa la 4 aingie la 4.

Baada ya saa nne usiku usianze kupakia. Waache walale kwenye mabehewa, taa na vyoo vikifanya kazi, mpakie alfajiri.

Tangazo ni nusu ya kazi. Usiseme "njia itafunguliwa hivi punde". Fundi wa njia mwenyewe hajui mpaka maji yashuke. Sema: "Ndugu abiria, reli imekatika mbele ya Kilosa. Mtaendelea kwa basi hadi Dodoma bila nauli ya ziada. Tangazo lijalo ni saa mbili kamili." Saa mbili ikifika tangaza, hata kama huna jipya. Ukikaa kimya, wapigadebe watatangaza kwa niaba yako, na bei yao.

Tangu 2024 treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, inafika Dodoma, hivyo ambao hawajaondoka Dar es Salaam wahamishiwe huko nafasi zikiwepo. Masharti yake ya mizigo ni tofauti, na stesheni mpya ya Dodoma haiko pamoja na ya zamani: weka mabasi ya kuwavusha. Behewa la reli ya zamani, ya milimita 1,000, haliwezi kupita kwenye ile ya 1,435, kwa hiyo mabehewa yaliyobaki magharibi ya palipokatika ndiyo uliyo nayo. Siku ya kwanza yahesabu, pamoja na vichwa vya treni, ujue vingapi vinakaribia matengenezo. Karakana kubwa ya injini iko Morogoro, ng'ambo ya palipokatika. Ni heri kupunguza treni za Kigoma na Mwanza mapema, kwa ratiba iliyotangazwa, kuliko kichwa kufa katikati ya Manyoni na Tabora.