Jinsi ya kusoma uchaguzi wa nchi nyingine kabla haujagusa shehena yako

Uchaguzi ukikaribia katika nchi unayoiuzia bidhaa au unayonunua kwake, kila mtu huuliza nani atashinda. Kwa mwenye mzigo njiani au mkataba unaovuka mpaka, hilo si swali la kwanza. La kwanza ni nani ana mamlaka ya kisheria ya kugusa ushuru, marufuku na sarafu, na mamlaka hayo atayapata lini.

Juni 2024 Wamexico walimchagua Claudia Sheinbaum, ushindi uliotabiriwa kwa miezi mingi. Hata hivyo peso iliporomoka siku iliyofuata. Kilichowashtua wafanyabiashara wa fedha ni bunge: chama chake cha Morena na washirika wake walipata viti vingi kuliko ilivyodhaniwa, wakakaribia theluthi mbili inayotakiwa kubadili katiba. Kufikia Septemba, mageuzi ya mahakama yaliyowatia wawekezaji hofu yalikuwa yamepita. Kwa hiyo usiku wa matokeo, hesabu viti kabla ya kumsikiliza mshindi.

Jua kalamu iko mkononi mwa nani

Kila nchi ina jibu lake, na kazi hii ifanye mapema, kabla kampeni hazijapamba moto.

Marekani, katiba inatoa mamlaka ya ushuru kwa Bunge, lakini Bunge limemkabidhi rais sehemu ya mamlaka hayo kupitia sheria kadhaa. Kifungu cha 232 cha sheria ya biashara ya 1962 kinamruhusu kutoza ushuru kwa sababu za usalama wa taifa. Kifungu cha 301 cha sheria ya 1974 kinahusu mwenendo wa nchi nyingine unaoonekana kuwa si wa haki. Machi 2018 Donald Trump alitumia 232 kutoza asilimia 25 kwa chuma cha pua na 10 kwa aluminiamu, bila kura hata moja bungeni. Ila 232 ina hatua zake: Wizara ya Biashara hufanya uchunguzi kwanza, na ina hadi siku 270 kutoa ripoti. Tangazo la kuanza uchunguzi ndiyo kengele yako. Anayesubiri tangazo la ushuru wenyewe amechelewa kwa miezi.

Upande wa pili husahaulika. Rais anaweza kupandisha ushuru peke yake, lakini nafuu za ushuru zenye tarehe ya kuisha huhitaji Bunge lipige kura kuziongeza muda. Mpango wa nafuu kwa nchi zinazoendelea, GSP, uliisha tarehe 31 Desemba 2020, miaka ikapita bila kuhuishwa. Hakuna aliyeufuta, muda wake uliisha tu. Ikiwa bei yako inategemea nafuu ya aina hiyo, uchaguzi wa wabunge unakuhusu kuliko wa rais.

Umoja wa Ulaya ni habari nyingine. Serikali mpya ya nchi mwanachama haiwezi kubadili ushuru wa forodha, maana sera ya biashara iko mikononi mwa Umoja. Maamuzi mengi hupita kwa kura za asilimia 55 ya nchi wanachama zenye angalau asilimia 65 ya watu wote. Uchaguzi wa nchi kubwa kama Ujerumani au Ufaransa unapimwa hapo: je, unatosha kugeuza hesabu hiyo?

Panga tarehe, kwa sababu hatari haziko siku moja

Andika tarehe nne: kuanza kwa kampeni, kura (na duru ya pili ikiwapo), kuapishwa, na siku ambayo serikali kamili itaanza kazi. Umbali kati yake hutofautiana mno. Uingereza ilipiga kura tarehe 4 Julai 2024, kesho yake waziri mkuu mpya akaingia ofisini. Uholanzi ilipiga kura tarehe 22 Novemba 2023, baraza la mawaziri likaapishwa tarehe 2 Julai 2024. Ubelgiji, baada ya uchaguzi wa 2010, ilikaa siku 541 bila serikali kamili. Katika kipindi kama hicho mawaziri wa zamani hushughulikia mambo ya kawaida tu, na mkataba unaosubiri saini huendelea kusubiri.

Kinyume chake, baadhi ya maamuzi huja haraka kuliko barua pepe zako zinavyojibiwa. Trump aliapishwa tarehe 20 Januari 2017. Tarehe 23 akaiondoa Marekani katika TPP, mkataba wa biashara wa nchi 12 za ukanda wa Pasifiki uliotiwa saini Februari 2016. Nchi 11 zilizobaki ziliuendeleza kwa jina la CPTPP, nao ukaanza kufanya kazi tarehe 30 Desemba 2018. Waliodhani mpango mzima umekufa walikosa nafuu za ushuru zilizobaki wazi kwa wengine.

Miezi ya kabla ya kura ndiyo inayoumiza wengi

Serikali iliyoko madarakani ina kalamu tayari, na ina sababu ya kuitumia. Chakula huguswa kwanza. India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati Julai 2023, kisha vitunguu Desemba mwaka huo, ili bei za ndani zisipande kuelekea uchaguzi wa 2024. Lakini wakulima wa vitunguu nao wanapiga kura. Tarehe 4 Mei 2024, upigaji kura ukiwa unaendelea na eneo la vitunguu la Nashik likisubiri zamu yake, marufuku iliondolewa, na badala yake ikawekwa bei ya chini kabisa ya kuuzia nje, dola 550 kwa tani, pamoja na ushuru wa asilimia 40. Mchele ulisubiri hadi Septemba, kura zikiwa zimeshahesabiwa. Ukinunua zao kutoka nchi yenye uchaguzi, jiulize mambo mawili: nani analila, na nani analilima katika majimbo yenye ushindani mkali?

Poland ilifanya vivyo hivyo kwa nafaka za Ukraine. Zuio la Umoja wa Ulaya lilipoisha tarehe 15 Septemba 2023, Warsaw iliweka lake peke yake, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi wa Oktoba 15. Serikali ikabadilika, zuio likabaki: wakulima walikuwa walewale.

Sarafu nayo mara nyingi huegemezwa mpaka kura ipite. Uturuki, dola moja ilikuwa karibu lira 20 wakati wa duru ya pili ya Mei 2023. Kufikia katikati ya Julai ilishapita 26. Argentina, Desemba 12, 2023, siku mbili baada ya Javier Milei kuapishwa, serikali yake ilitangaza kushusha peso kutoka takriban 366 hadi 800 kwa dola. Dalili huonekana mapema: akiba ya fedha za kigeni inayopungua, pengo kati ya bei rasmi ya dola na ya mitaani, na waagizaji wanaocheleweshewa vibali vya dola. Ukiona mbili kati ya hizo, usimkopeshe mnunuzi wa huko kwa sarafu yake kwa malipo yatakayofika baada ya kura.

Ahadi zipime kwa kalamu

Chora safu tatu: alichoahidi, sheria inayomwezesha, na atakachopoteza akitekeleza. Milei aliahidi kujitenga na China. Kukataa uanachama wa BRICS, kundi la nchi zinazoinukia ambalo China imo, kulihitaji barua tu, naye akaituma Desemba 2023. Lakini China ni mnunuzi mkubwa wa soya ya Argentina, na benki kuu za nchi hizo zina makubaliano ya kubadilishana sarafu. Juni 2024 sehemu iliyokuwa imetumika iliongezewa muda. Safu ya tatu ilishinda.

Usiamini pia kwamba mpinzani akishinda atafuta ya mtangulizi. Joe Biden alibakiza sehemu kubwa ya ushuru wa 301 dhidi ya China, na mwaka 2024 akapandisha ule wa magari ya umeme hadi asilimia 100.

Tazama nani mwingine anajibu

Taiwan inaonyesha jinsi jibu linavyoweza kutangulia kura. Kuanzia Januari 1, 2024, siku 12 kabla ya uchaguzi, China iliondoa nafuu ya ushuru kwa bidhaa 12 za kemikali kutoka kisiwani. Lai Ching-te, mgombea asiyependwa na Beijing, akashinda tarehe 13. Tarehe 15 Nauru, kisiwa kidogo cha Pasifiki, ikahamisha uhusiano wake wa kidiplomasia kutoka Taiwan kwenda Beijing. Lai akaapishwa Mei 20, na kuanzia Juni 15 bidhaa nyingine 134 zikapoteza nafuu.

Mapatano huenda polepole zaidi. Australia ilibadilisha serikali Mei 2022, lakini ushuru wa China wa asilimia 80.5 kwa shayiri yake uliondolewa Agosti 2023 tu.

Rekebisha mkataba wako

Angalia kwanza kanuni ya uwasilishaji, yaani herufi tatu katika mkataba zinazosema muuzaji anabeba gharama na hatari za mzigo mpaka wapi. Kwa DDP (mzigo hufikishwa ushuru ukiwa umelipwa), muuzaji ndiye anayelipa ushuru, hata ukipanda mzigo ukiwa baharini. Kwa FOB (muuzaji huishia kupakia melini) au CIF (muuzaji hulipa pia nauli na bima hadi bandari ya kufikia) ni mnunuzi. Kisha andika kifungu kinachosema nani atabeba ongezeko la ushuru, kuanzia asilimia ngapi, na nani anaweza kujitoa. Usitegemee kifungu cha dharura zisizozuilika, kwani kupanda kwa ushuru kwa kawaida hakuhesabiwi humo.

Hakikisha msimbo wa HS (namba ya forodha inayotambulisha aina ya bidhaa) wa bidhaa yako kwa tarakimu zote za nchi husika, si sita za kimataifa pekee, na uwe na ushahidi wa nchi ya asili. Tunza hati inayoonyesha tarehe ya kupakia: ushuru wa asilimia 10 wa Marekani wa Aprili 2025 haukuhusu mizigo iliyokwisha kupakiwa kabla ya dakika ya kwanza ya Aprili 5, ikiwa tayari safarini. Na ukitaka kuwahi kwa kuagiza mapema, agiza kabla wengine hawajapata wazo hilohilo, la sivyo nauli ya meli na kodi ya ghala zitakula ulichookoa kwenye ushuru.