Shuka moja, mpira mmoja: kuwazoesha watoto wa chekechea kushirikiana

Watoto wawili wakikaa meza moja, kila mmoja na karatasi yake na rangi zake, hapo hawajashirikiana. Wamekaa jirani tu. Mtafiti wa Marekani Mildred Parten, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1932, aliuita huo mchezo sambamba. Si kasoro, hasa kwa wa miaka 2 au 3. Ila wa miaka 4 ukitaka wazoeane, wape kazi isiyowezekana kwa mikono ya mtoto mmoja.

Hatua ya 1. Tafuta shuka jepesi, kama meta moja na nusu kila upande, na mpira laini usiozidi kichwa cha mtoto. Mpira mzito huzama katikati, na watoto huchoka kabla mchezo haujakolea.

Hatua ya 2. Panga watoto wanne, kila mmoja na pembe yake. Mkimya mweke mkabala na mtulivu mwenzake. Akikaa ubavuni mwa msemaji wa darasa, atasemewa kila kitu. Epuka kundi la watatu: wawili huungana, wa tatu akabaki mtazamaji.

Hatua ya 3. Mwenye zamu ataje jina la mwenzake, kisha wote wainue na kushusha pembe mpaka mpira umfikie aliyetajwa. Usiruhusu "mpe yule". Jina ndilo linalomfanya mtoto ainue macho. Dakika 10 zatosha.

Hatua ya 4. Mpira utaanguka. Usiuokote, mwalimu! Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Mara nyingi mmoja ataukimbilia, mwingine ataanza kulaumu. Ukiuliza "nani kaangusha?" umeshawapa mshitakiwa. Chuchumaa, useme unachokiona: "Upande huu umeshuka, mpira ukakimbilia huku. Tufanyeje?" Jibu lao likiwa baya, waache walijaribu vilevile.

Atakayeachia shuka asilazimishwe; awe mwokota mpira, na pembe yake imsubiri.

Hatua ya 5. Kundi lilelile lirudie mchezo mara tatu kwa wiki, kwa wiki mbili. Walimu wengi huchanganya watoto kila siku wakidhani ndiyo haki, kumbe kila asubuhi wanaanza upya na mgeni. Wala usishindanishe makundi: likishindwa, litamtafuta mzembe wake.

Kisha watazame kwenye mchezo huru, wewe ukiwa mbali. Sikiliza kama wanaitana kwa majina, na nani anamshikia mwenzake nafasi mkekani.