Kusoma nembo iliyochongwa kwenye kinara cha fedha cha Uingereza

Kwanza kabisa, usiking'arishe kinara hiki cha mshumaa. Weusi uliotuama ndani ya mistari ya nembo (alama ya ukoo wa mwenye mali) ndio unaoifanya isomeke, na dawa ya kung'arishia hula fedha kidogo kila inapopita. Nembo iliyosuguliwa kwa miaka 250 imebaki na kina cha unywele tu. Ukiisugua leo, unafuta kile kile unachotaka kukisoma.

Andaa lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo, mizani ya jikoni inayopima gramu, karatasi nyembamba laini na penseli ya 4B.

Hatua ya 1: Kipindue

Kinara cha kusubu, yaani cha fedha iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kiko wazi chini, fedha tupu. Shina lake lilitoka kwenye kalibu likiwa vipande viwili, kwa hiyo utaona mstari wa kulehemu ukishuka pande zote mbili. Kuanzia miaka ya 1770 mafundi wa Sheffield, mji wa Uingereza, walizoea njia nyingine: bamba jembamba la fedha lilikandamizwa kwenye kalibu za chuma, kisha kinara kikajazwa lami au plasta, mara nyingi na fimbo ya chuma katikati, ili kisimame imara. Hivi hufunikwa chini kwa mbao au kitambaa. Usivitumbukize kwenye maji ya moto, kwa sababu lami hulainika na shina huinama. Nta iliyoganda ipashe kwa kikausha nywele, upepo uwe vuguvugu, kisha iinue kwa kijiti. Kisu huacha mkwaruzo usiotoka. Uzito wa kinara cha kujazwa haukuambii kina fedha kiasi gani.

Ukiona wekundu wa shaba ukichungulia kwenye kingo, hicho ni shaba iliyovikwa fedha, ufundi ulioanzishwa na Thomas Boulsover wa Sheffield katika miaka ya 1740. Usikitupe kando. Fundi alipotaka kuchonga nembo juu ya aina hii mara nyingi alipachika kwanza kipande cha fedha nene, asije akaifikia shaba. Pulizia pumzi mahali penye nembo, na mpaka wa kipande hicho huonekana kwa sekunde chache.

Hatua ya 2: Soma mihuri

Kwenye vinara vya kusubu mihuri (alama ndogo zilizogongwa kwenye fedha) huwa chini ya kitako, mara nyingi mmoja kila pembe. Kwenye vya kujazwa itafute ukingoni. Simba anayetembea maana yake fedha asilimia 92.5. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji lilikuwa Sheffield hadi 1974 (miji hii miwili ilipata ofisi za kupiga mihuri mwaka 1773). Kichwa cha mfalme au malkia ni alama ya kodi, ya 1784 hadi 1890. Herufi ndiyo mwaka, lakini kila mji una mzunguko wake, hivyo thibitisha mji kabla ya kufungua jedwali la herufi.

Kikombe kidogo cha juu kinachochomoka nacho kiwe na simba na alama ya fundi. Kikikosa, huenda kilibadilishwa.

Hatua ya 3: Je, nembo ina umri wa kinara?

Hapa ndipo wengi hupotea. Mwenye mali mpya aliweza kufuta nembo ya zamani na kuchonga yake. Bonyeza kwa kidole gumba mahali penye nembo: fedha ikibonyea kuliko sehemu za jirani, ilikwanguliwa. Mistari yenye makali juu ya kinara kilicholika pia inatia shaka. Tazama na pambo linaloizunguka ngao. Pambo lenye pande zisizolingana, la makombe ya baharini na majani yanayojikunja, ni la takriban 1735 hadi 1770. Mistari inayometameta yenye mashada ya maua ni ya miaka ya 1780 na 1790.

Chini ya kitako huenda kuna namba zilizokwaruzwa, mfano 19=12. Huo ni uzito wa mwanzo: wakia za troy (kipimo cha madini ya thamani) 19 na penniweti 12. Wakia moja ni gramu 31.1 na ina penniweti 20, kwa hiyo jumla ni kama gramu 610. Ukikipima leo kikatoka 560, gramu 50 zimeondoka. Kusugua peke yake ni nadra kula kiasi hicho, hivyo huenda nembo ya zamani ilikwanguliwa.

Hatua ya 4: Eleza unachokiona

Weka karatasi juu ya nembo, upitishe penseli kwa ulalo, polepole. Kisha piga picha huku tochi ikimulika kutoka ubavuni. Hakikisha simu haijageuza picha kama kioo, kwa maana wanyama wa nembo kwa kawaida hutazama kushoto kwako.

Tenganisha ngao na kresti. Kresti ni ile picha ndogo inayokaa juu ya kitambaa kilichosokotwa, pale ilipokuwa kofia ya chuma. Kresti moja hutumiwa na familia nyingi. Simba nusu aliyesimama ni ya makumi ya koo. Andika kila kitu: kichwa kimekatwa shingoni kwa mstari mnyoofu, au kimechanwa na kuacha ncha? Vitabu huvitenganisha hivyo viwili. Kwenye ngao mistari ndiyo rangi: ya wima ni nyekundu, ya mlalo buluu, iliyopishana nyeusi, vitone dhahabu, patupu fedha.

Hatua ya 5: Tafuta jina

Kwa kresti tumia kitabu cha James Fairbairn, toleo la 1905. Kwa ngao tumia cha John Papworth cha 1874, kilichopangwa kwa picha badala ya majina.

Chukua mfano wa nyoka aliyejifunga fundo. Ni kresti ya Cavendish, lakini ukoo huo una matawi. Juu yake kukiwa na taji la majani matano yanayoonekana, ni duki (cheo cha juu cha makabaila), yaani Duke of Devonshire, cheo cha tangu 1694. Ngao ikigawanywa wima, nusu ya kulia kwako ni ya mke. Humo ukikuta mkanda mweusi wa mshazari wenye makombe matatu, huyo ni Spencer: Georgiana, aliyeolewa na duki wa tano mwaka 1774 na kufariki 1806. Herufi ya mwaka iliyo kati ya hapo inakamilisha ushahidi.

Ukiwa na kresti peke yake, bila taji wala ngao, andika majina yote yanayolingana na uyaache hivyo. Kwa utafiti zaidi andikia College of Arms, ofisi ya nembo iliyoko London, ambao hutoza ada. Nembo za Uskoti ziko kwa Lord Lyon, msimamizi wa nembo wa huko, Edinburgh.