Kulisha Ndege na Kupanda Maua ya Asili Kabla Theluji Haijaisha

Huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi ndipo ndege wanapopata taabu zaidi, kwa sababu mbegu za msimu uliopita zimekwisha, wadudu hawajatoka, na usiku baridi bado huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Majira hayohayo ndiyo yanayofaa kwa kusia mbegu za maua ya asili, yaani yale yanayoota hapa tangu zamani bila kuletwa kutoka kwingine. Ninazishauri kazi hizi mbili zifanywe pamoja, na kati yake ile ya maua ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa ndege wengi wadogo huwalisha makinda yao viwavi, wala si mbegu, na viwavi huishi kwenye mimea ya asili, si kwenye nyasi zilizokatwa zikawa kama zulia.

Kwa chakula, anza na mbegu nyeusi za alizeti. Ganda lake ni jembamba, mafuta yake ni mengi, na karibu kila ndege anayebaki huku wakati wa baridi huzila, akiwamo chikadi mwenye utosi mweusi na kadinali mwekundu. Epuka mifuko ya bei nafuu iliyojaa mtama mwekundu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mfuko wa namna hiyo, nikidhani kwamba mtama niliozoea kuwamwagia kuku nyumbani utawafaa na ndege wa hapa. Walidonoa alizeti mojamoja, wakautupa mtama wote chini, na haikupita wiki mbili kabla panya hawajaufuata. Chiriku wa manjano hupenda mbegu nyembamba za nyjer, zao la mafuta ambalo asili yake ni Ethiopia, na ambazo hupitishwa kwenye joto kali kabla ya kuuzwa Marekani ili zisiote. Vigong'ota wawekee shahamu ngumu ya ng'ombe ndani ya wavu wa waya, kisha uiondoe siku zikianza kuwa na joto, kwani huyeyuka na kuvunda.

Chombo cha kulishia kitundikwe ama karibu sana na dirisha, umbali usiozidi mita 1, ama mbali nalo kiasi cha mita 9 au zaidi, kwa maana ndege anayeruka kutoka umbali wa kati huwa ameshika kasi ya kumuua akigonga kioo. Kila baada ya wiki mbili kioshe kwa sehemu 1 ya jiki na sehemu 9 za maji, ukisuuze, ukiache kikauke kabisa kabla ya kukijaza tena, kwa kuwa mbegu zilizolowa na kinyesi hueneza bakteria wa salmonela. Wanaoishi kaskazini mwa jimbo wakishushe ifikapo Aprili, dubu wanapoamka kutoka usingizi wao wa majira ya baridi wakiwa na njaa.

Sasa maua. Mbegu za maua haya ni ndogo na lazima ziguse udongo, kwa hiyo kuzimwaga juu ya nyasi zilizo hai ni kuwaongezea ndege chakula tu. Chagua kipande cha ardhi ambacho nyasi zake ziliuawa tangu mwaka jana, na usubiri siku tulivu yenye jua ambapo theluji imebaki sentimita chache. Changanya mbegu na mchanga wenye unyevunyevu ili uone zilipoangukia, kisha zirushe kwa mkono bila kuzifukia. Ukichuchumaa hapo baada ya saa moja utaona jambo la kupendeza: mbegu nyeusi hunyonya joto la jua, kila moja ikayeyusha kishimo chake na kuzama taratibu. Baadaye ardhi ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara hufanya nyufa, na mbegu hutumbukia humo. Baridi hiyo yenye maji ndiyo inayoziamsha. Zile za Asclepias, mmea wenye utomvu mweupe ambao vipepeo wa monaki hutaga mayai yao juu yake peke yake, huhitaji takriban siku 30 za baridi hiyo, kwa hiyo usichelewe kupita katikati ya Machi.

Dukani soma jina la Kilatini. Pakiti yenye picha nzuri ya maua ya porini mara nyingi huchanganywa na maua ya kigeni, na hata Echinacea purpurea inayouzwa kila mahali si ya asili ya Minnesota. Ya hapa ni Echinacea angustifolia. Rudbeckia hirta na Monarda fistulosa hazimsumbui anayeanza.

Asiye na ardhi tupu, au anayeishi nyumba ya kupanga, atumie galoni za plastiki za maziwa. Toboa matundu chini, kata kiunoni ukiacha upande wa mpini uwe bawaba, tia udongo wenye unyevu kiasi cha sentimita 10, sia mbegu, funga kwa utepe, ondoa kifuniko cha mdomo, na uziache nje zipigwe na theluji. Jina la mmea liandike kwa penseli kwenye kipande cha plastiki kilichofukiwa ndani, kwa sababu wino hufutwa na jua, na miche ya Mei hufanana mno.

Kiangazi cha kwanza usitarajie maua mengi. Fyeka magugu yakizidi kimo cha sentimita 20 au 25, ukiinua mashine isiguse miche iliyo chini. Maua yakija, vichwa vyake viachwe vimesimama hadi baridi irudi, maana chiriku huning'inia humo wakidonoa mbegu.