Jifunze kusimama kwanza: pikipiki yako ya kwanza, kuanzia uwanjani hadi kwenye kadi

Nafundisha watu kuendesha pikipiki hapa Morogoro, mara nyingi kwenye uwanja wa shule unaobaki mtupu Jumapili jioni. Karibu kila anayekuja ameshaonjeshwa na shemeji au rafiki wa kijiweni, na alichoonjeshwa ni kuondoka tu: washa, tia gia, achia klachi, haya twende. Akiuliza habari ya kusimama anaambiwa atazoea. Mimi naanza na kusimama, ndiyo maana hata kununua nimekuweka karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Usinunue bado

Azima, au kodi ya mtu kwa saa mbili tatu, ukiweza iliyochakaa kidogo. Mwanafunzi huangusha pikipiki, na ikianguka yako mpya utaanza kuogopa kioo na indiketa badala ya kujifunza. Helmeti ndiyo unayonunua siku ya kwanza. Ivae, funga mkanda, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, hiyo ni kofia ya jua.

Viatu viwe vya kufunika vidole. Kina mama: kanga au kitenge kinachoning'inia kinaingia kwenye cheni au spoku, na kikishaingia hakiachii. Vaa suruali, hata ndani ya gauni, na pindo ulikalie.

Hatua ya 2: Ijue ikiwa imezimwa

Mkono wa kushoto una klachi, wa kulia una mafuta na breki ya mbele. Mguu wa kushoto ni gia, wa kulia ni breki ya nyuma. Pandia na kushukia kushoto. Stendi iko upande huo, na bomba la moshi liko kulia. Ile alama ya mviringo unayoiona kwenye ndama za miguu ya watu mjini wameipata kwa kushukia upande usio wake.

Uliza mpangilio wa gia kabla ya kukaa. Kuna pikipiki ambazo gia zote zinakanyagwa upande mmoja, na kuna zile za moja chini, zilizobaki juu. Aliyezoea hii akipanda ile bila kuuliza, siku moja atataka kupunguza mwendo na atajikuta ameongeza gia.

Sasa isukume kwa miguu, injini ikiwa imezimwa, uizungushe uwanja mzima huku ukiishika breki ya mbele kidogo kidogo. Watu wananicheka kwa zoezi hili. Lakini dakika kumi za kusukuma zinakufundisha uzito wa chuma kile na upande kinakotaka kulalia, na mkono wako wa kulia unaanza kuzoeana na breki kabla haujazoeana na mafuta.

Hatua ya 3: Klachi bila mafuta

Washa, tia gia ya kwanza, mkono wa kulia usiguse mafuta kabisa. Achia klachi taratibu mpaka usikie injini inabadilika sauti na pikipiki inataka kutambaa. Hapo ndipo inaposhika. Ishikilie hapo, tambaa mita mbili, bana klachi, simama. Rudia mara thelathini. Ikizimika umeachia haraka, basi, washa tena. Ukiona inaruka kama mbuzi, bana klachi. Klachi ikibanwa injini haiwezi kukupeleka popote. Nataka hilo liwe kwenye vidole, kwa sababu anayeshtuka huwa anakumbatia usukani na mkono wa kulia unazidi kufungua mafuta.

Hatua ya 4: Breki, na uongo wa kijiweni

Hapa nitakaa kidogo.

Utaambiwa breki ya mbele inapindua, usiiguse. Nimekuta pikipiki za biashara ambazo waya wa breki ya mbele umekatika zamani na mwenyewe hana habari. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele: tairi la mbele linakandamizwa chini na la nyuma linakuwa jepesi. Jepesi likibanwa linateleza tu, linachora mstari barabarani huku wewe unaendelea kwenda. Kinachokusimamisha kwa kiasi kikubwa ni breki ya mbele.

Kinachopindua watu ni kuikwapua kwa pupa, au kuibana usukani ukiwa umekatwa, au kuibana juu ya mchanga. Namna yake ni kama kukamua tui: unaanza kwa kushika, kisha unazidisha nguvu. Mguu wa kulia unakanyaga ya nyuma kwa wakati huohuo, usukani ukiwa umenyooka na macho yakiwa mbele, si kwenye tairi.

Zoezi lenyewe: weka kandambili moja chini, hesabu hatua kumi na tano, weka ya pili. Njoo kwa gia ya pili, kama kilomita 20 kwa saa. Ukifika kandambili ya kwanza, kamua. Tazama umesimamia wapi, kisha isogeze ya pili ije pale uliposimama. Kila wiki ile nafasi iwe fupi. Ukishazoea, rudia kwenye changarawe kwa mwendo mdogo zaidi, ujionee umbali unavyoongezeka. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekataa kwenda barabarani mpaka nafasi kati ya kandambili zake iwe hatua tano. Nilimwona mkaidi. Wiki ya pili barabarani bajaji ilimkatia mbele maeneo ya Msamvu, akasimama huku aliyekuwa nyuma yake akiishia mtaroni.

Hatua ya 5: Kona, abiria, mvua

Pikipiki huenda unakotazama. Shimo ukilikodolea macho utaliingia. Tazama pale unapotaka kupita. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Abiria wa kwanza awe mfuko wa simenti, kilo 50, umefungwa vizuri nyuma. Haulalamiki ukikosea, na utaona breki zinavyokawia na mbele kunavyokuwa kwepesi mlimani. Abiria ni mmoja, mishikaki waachie wenye haraka ya kuzikwa. Mvua ikianza, dakika za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote kwa kuwa vumbi na oili vinachanganyika juu ya lami; kama una pa kujibanza, jibanze.

Hatua ya 6: Leseni

Anza na leseni ya kujifunzia, pita chuo cha udereva, fanya mtihani wa trafiki, kisha nenda TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Jambo moja tu la kuangalia ni daraja: A1 ni ya pikipiki zisizozidi cc 125, zaidi ya hapo ni A. Boxer ya 150 injini yake ni cc 144.8, kwa hiyo A1 haikufikishi. Jua unachotaka kununua kabla ya kujaza fomu.

Hatua ya 7: Kununua

Tembea mtaani kwako, muulize fundi aliye karibu anafungua pikipiki gani kila siku. Hiyo ndiyo ya kununua. Boxer na TVS spea zake zinapatikana hadi vijijini. Pikipiki nzuri ambayo klachi yake inasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam itakufundisha kutembea kwa miguu. Kwa wa kwanza, cc 100 hadi 125 zinatosha. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uhakikishe namba za chesisi na injini zilizo kwenye karatasi ni zilezile zilizo kwenye chuma.

Ya mkononi inataka macho zaidi. Ya kwangu ya kwanza nilimkuta muuzaji ameshaiwasha na kuipasha moto, nikadhani ni ukarimu. Asubuhi iliyofuata nikaipiga kiki mpaka jasho likanitoka. Kwa hiyo fika mapema, gusa injini. Ikiwa ya moto, ahirisha. Iwashe mwenyewe ikiwa baridi. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake inakula oili, ringi za pistoni zimechoka au kuna kingine cha gharama.

Simama nyuma yake hatua tatu, chuchumaa, tazama kama matairi mawili yamekaa kwenye mstari mmoja. Lililotoka kwenye mstari huenda limeshagonga kitu. Inua mbele, zungusha usukani polepole. Ukisikia unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika tairi la nyuma ulisukume kushoto na kulia; lisicheze. Cheni icheze sentimita mbili hadi tatu, isining'inie. Bana breki ya mbele. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla breki haijashika, uliza imekaa hivyo tangu lini, na usikilize jibu linavyotolewa.

Kisha kadi ya usajili. Namba ya chesisi iko shingoni mwa fremu, chini ya usukani. Ikiwa imekwaruzwa au kuchomelewa, mshukuru mwenyewe uondoke. Hakiki bima na faini zinazodaiwa kwa namba ya pikipiki kabla ya kutoa pesa. Andikianeni mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe TRA uwe kwa jina lako. Kadi yenye jina la mtu wa tatu "atakayekuja kusaini baadaye" usiipokee.

Wa biashara mtakutana na mkataba wa kumlipa mwenye pikipiki kila siku mpaka iwe yako. Shika kalkuleta: elfu 10 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima, ni zaidi ya milioni tatu na laki moja. Linganisha na bei ya dukani, kisha uliza siku ya ugonjwa inahesabiwaje na injini ikifa nani anafungua pochi. Kama majibu hayamo kwenye karatasi, hayapo.

Hatua ya 8: Kilomita 500 za kwanza

Injini mpya usiikamue, na usikae kwenye mwendo uleule kwa muda mrefu. Breki za ngoma zitalegea kidogo zikijitengeneza, zikaze kwa nati yake. Oili ya kwanza imwage kwenye kilomita 500, ikiwa bado ya moto ili itoke yote. Itatoka inametameta kwa chembe ndogo za chuma. Usishtuke, ni injini inajisugua. Namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi siku hiyo iandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha pembeni, kwa sababu fundi atakuuliza ulibadilisha lini na wewe utamjibu "juzijuzi".